Hawakuambulia Patupu

Habari za CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, zinapofika kwetu huja na lawama ileile. Handaki la kilomita 27 la kugonganishia chembe chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, maelfu ya wanasayansi, mabilioni ya faranga, na tangu bosoni ya Higgs itangazwe Julai 2012 hawajapata kitu. Supasimetria waliyoisubiri kwa miaka mingi haikutokea. Kwa hiyo, tunaambiwa, fedha zimepotea, nadharia ilikuwa ndoto za wasomi, na mambo ya mwanzo wa ulimwengu hayana mtu wa kuyajua. Nimeyasikia haya redioni, nimeyasoma magazetini, nimeyasikia hata vinywani mwa walimu wa sayansi. Nayapinga yote, kwa sababu yanatufundisha kudharau jibu la "hapana", na sayansi isiyoheshimu jibu hilo imekwisha.

Tuanze na nadharia yenyewe ya supasimetria. Chembe za maumbile ziko makundi mawili: fermioni, kama elektroni na kwaki, ambazo ndizo zinazojenga maada, na bosoni, kama fotoni, ambazo hubeba nguvu kati ya chembe na chembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Golfand na Likhtman huko Moscow, kisha Volkov na Akulov huko Kharkiv, na mwaka 1974 Wess na Zumino, waliandika hesabu zinazoyaunganisha makundi hayo. Kila fermioni ina mwenza wa bosoni, na kila bosoni ina mwenza wa fermioni. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuziona chembe wenza hizo, kama zipo lazima ziwe nzito. Nadharia hii ilipendwa kwa sababu mbili kubwa. Ilieleza kwa nini Higgs haikuwa nzito kupita kiasi, na iliyo nyepesi kuliko zote kati ya chembe wenza ilifaa kuwa maada ya giza, ambayo inaizidi maada ya kawaida mara tano hivi.

Wengi hudhani kwamba nadharia hii ilipimwa mahali pamoja tu, Geneva, na kwamba kabla ya hapo ilikuwa maneno matupu. Hapo ndipo wanapokosea zaidi. Ilianza kupimwa zaidi ya miaka 25 kabla mashine ya handaki lile haijawashwa, na iliyoipima ilikuwa historia ya ulimwengu katika dakika zake za kwanza.

Mwaka 1981 Alan Guth alichapisha wazo la mfumuko: kwamba ulimwengu ukiwa mchanga mno ulitanuka kwa kasi isiyo kifani ndani ya kipande kidogo sana cha sekunde. Mwaka uliofuata Andrei Linde, na kando yake Albrecht na Steinhardt, wakalirekebisha. Mfumuko ulipokoma uliacha ulimwengu baridi na mtupu, kwa kuwa chochote kilichokuwamo kabla yake kilikwisha kutawanywa mbali mno. Kisha nishati iliyokuwa ikiuendesha mfumuko ikageuka kuwa chembe na joto kali. Maada ya miili yetu na ya nyota zote ilianzia katika joto hilo. Swali ni moja: joto hilo lilifika wapi?

Kwa mwenye kuamini supasimetria, swali hilo ni la hatari, kwa sababu ya chembe iitwayo gravitino. Hii ni chembe mwenza wa gravitoni, chembe inayodhaniwa kubeba nguvu ya uvutano, na huathiriana na chembe nyingine kwa unyonge uleule wa nguvu ya uvutano. Kadiri joto la baada ya mfumuko lilivyokuwa kali, ndivyo migongano ilivyozalisha gravitino nyingi zaidi. Na kwa unyonge wake, gravitino haivunjiki upesi. Yenye uzito wa mara elfu moja hivi ya protoni ingedumu saa nyingi, hata siku kadhaa. Lakini ndani ya dakika 20 hivi za mwanzo ulimwengu ulikuwa umekwisha kuunda viini vyake vya kwanza: heliamu, ambayo ni robo hivi ya uzito wa maada yote ya kawaida, na deuteri kidogo sana, kama atomi 25 kwa kila milioni moja ya hidrojeni. Gravitino zikivunjika baada ya hapo, mnururisho wake ungevishambulia viini hivyo. Deuteri ingesagwa, au ingezidi kwa sababu ya vipande vya heliamu iliyovunjwa. Kwa vyovyote vile, hesabu isingebaki ilivyo.

Nasi tunaweza kuikagua hesabu hiyo leo. Wanaastronomia hupima deuteri katika mawingu ya gesi ya kale yaliyo mbele ya kwasari za mbali, yaani viini ving'avu vya galaksi, kwa kuangalia ni rangi zipi za mwanga zilizomezwa na gesi hiyo. Kiasi wanachokikuta ndicho kinachotabiriwa na fizikia ya kawaida, na kinakubaliana na kile kinachopatikana kwa njia nyingine kabisa, yaani vipimo vya setilaiti ya Planck vya mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000. Hakuna dalili ya uharibifu mkubwa wa gravitino.

Steven Weinberg aliliona tatizo hili mwaka 1982. Miaka miwili baadaye Khlopov na Linde, na kwa upande mwingine Ellis, Kim na Nanopoulos, walilifungamanisha na joto la baada ya mfumuko. Kama gravitino ina uzito wa kadiri ya protoni elfu moja, joto hilo lina kikomo: wastani wa nishati ya kila chembe usizidi nishati iliyo sawa na uzito wa protoni milioni moja hadi bilioni moja, kutegemea uzito wa gravitino na namna inavyovunjika. Linganisha na Geneva, ambako kila protoni husukumwa hadi nishati iliyo sawa na uzito wa protoni 7,000 hivi. Gesi ya kale, bila handaki wala sumaku, ilikuwa ikitueleza habari za nishati ambazo hakuna mashine tunayoweza kuijenga itakayozifikia.

Kibano hakikuishia hapo. Mwaka 1986 Fukugita na Yanagida walipendekeza jibu zuri la fumbo la kwa nini kuna maada na si utupu, yaani kwa nini katika joto lile ilibaki chembe moja ya ziada kwa kila jozi bilioni hivi za maada na kinyume chake. Walisema ziada hiyo ilitokana na kuvunjika kwa nyutrino nzito mno, chembe ambazo bado ni za kudhaniwa. Katika umbo lake la kawaida njia hiyo inadai joto la kiwango cha protoni bilioni moja au zaidi. Gravitino inasema joto lisifike huko; nyutrino nzito zinasema lazima lifike. Wanafizikia waliopenda mambo yote mawili walihangaika kwa miongo kutafuta upenyo, na kila upenyo ulikuwa na gharama yake. Nadharia inayobanwa namna hii na vipimo vya angani, kila upande, itaitwaje ndoto?

Ikaja mashine. Kwa gluino, chembe mwenza wa gluoni inayobeba nguvu kati ya kwaki, vigunduzi vyake vya ATLAS na CMS vimefunga eneo lote hadi zaidi ya mara 2,000 ya uzito wa protoni katika hali nyingi zilizochunguzwa. Mfano mwingine unanigusa zaidi. Kulikuwa na njia ya pili ya kueleza ziada ya maada, ambayo haikuhitaji joto kali lile. Ilihitaji supasimetria ya kawaida na chembe mwenza wa kwaki topu iliyo nyepesi kuliko topu yenyewe. Chembe kama hiyo ingebadilisha namna Higgs inavyozaliwa na kuvunjika. Higgs ilipoonekana na tabia zake kupimwa, mlango huo ulifungwa kivitendo ndani ya muda mfupi. Hilo ni jambo tulilojifunza kuhusu asili ya miili yetu, na limetokana na chembe ambayo haikuonekana.

Mama anampeleka mtoto mwenye homa zahanati, kipimo cha malaria kinaonyesha hakuna vimelea. Hakuna muuguzi makini atakayemwambia kwamba kipimo kimepotea bure. Sasa anajua asimpe mtoto dawa isiyomfaa, na anajua atafute wapi. Ajabu ni kwamba jambo tunalolikubali zahanati tunalikataa linapohusu ulimwengu.

Japani wanalijua hili vizuri. Mwaka 1983, ndani ya mgodi wa Kamioka, tangi la tani 3,000 za maji lilianza kungoja protoni ivunjike, kama nadharia kubwa za wakati ule zilivyodai. Haikuvunjika. Watu hukumbuka kwamba tangi hilo lilinasa nyutrino za nyota iliyolipuka mwaka 1987, na kwamba Koshiba, kiongozi wa jaribio hilo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi naomba tuzikumbuke protoni. Baada ya tangi kubwa zaidi la tani 50,000 kuanza kazi mwaka 1996, tulijua kwamba protoni hudumu kupita miaka ya moja yenye sufuri 34, kwa baadhi ya njia zilizotarajiwa. Maandishi mengi mazuri yaliwekwa kando kwa sababu hiyo, yakiwamo ya supasimetria.

Wapo wanaoitetea CERN kwa kusema kwamba ndiko ulikozaliwa mtandao wa wavuti. Sipendi utetezi huo, ingawa ni kweli. Anayeutumia amekwisha kukubali kwamba fizikia yenyewe haina cha kujivunia, anatafuta zawadi ya pembeni ya kumtuliza mlipakodi.

Wala siwatetei wanafizikia wote. Lawama hii waliichochea baadhi yao walioahidi mno. Walizungumza kama vile chembe wenza zilikuwa zikingoja tu swichi iwashwe, kwa sababu hesabu zilikuwa nzuri. Mwaka 2016 huko Copenhagen, baadhi ya vigogo waliokuwa wamewekeana dau juu ya supasimetria tangu mwaka 2000 walikiri kushindwa, wakalipa kwa chupa za konyaki. Nawaheshimu kwa kulipa. Lakini umma ulioahidiwa hazina haukuelezwa kwa uzito uleule kwamba ramani nayo ni mali. Sasa CERN inafikiria handaki jipya la kilomita 91. Wanaoliomba wanapaswa kusema mapema, kwa majina, ni nadharia zipi zitakufa kama hakuna kitakachoonekana, na sisi waandishi tuwaulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Kazi ya namna hii inaendelea hata mbali na mashine. Darubini za BICEP na Keck kule Ncha ya Kusini zinatafuta alama ambayo mawimbi ya uvutano ya wakati wa mfumuko yangeiacha katika mnururisho wa kale. Alama hiyo ingetuambia mfumuko ulitokea kwa nishati gani, na hivyo joto lililofuata lingeweza kufika wapi. Mwaka 2021 walitangaza kwamba hawajaiona, wakaeleza ni ndogo kiasi gani kama ipo. Kwa tangazo hilo, baadhi ya modeli rahisi za mfumuko zilizokuwa zikifundishwa tangu miaka ya 1980 zilikataliwa, na ile kongwe iliyopendwa kwa wepesi wake ikiwa miongoni mwao.