Koneksheni Mnaitaka, Nyaraka Mnaziita Udukuzi

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, wafuasi wake ukiwapanga mstari wanatoka Mbagala mpaka Ikwiriri. Huyu bwana mambo ya kuvuja anayajua sana. Video ya chumbani ya msanii mwenzake ilipovuja, hakuuliza imetoka kwenye simu ya nani wala kaiba nani. Alikuwa wa kwanza kuandika "mwenye koneksheni anicheki inbox". Lakini Juni 2024, Julian Assange alipotoka gerezani, staa huyohuyo akaposti: mdukuzi ni mwizi tu, angeozea ndani. Chawa wake wakashusha makopakopa na moto.

Akadakia na mwenzake, mchambuzi wa mitandaoni, yule wa suti juu pensi chini akiwa laivu: sheria ni msumeno. Sawa. Basi na uangaliwe huo msumeno ulikata nini.

Mashtaka ya Marekani yaliandaliwa kimyakimya Machi 2018, yakawekwa wazi 11 Aprili 2019, siku ambayo Assange alitolewa kwenye ubalozi wa Ecuador jijini London alikokuwa amejificha karibu miaka 7. Shtaka lilikuwa moja: kula njama ya kuingilia kompyuta ya serikali. Adhabu yake haizidi miaka 5. Dunia ikaambiwa, mnaona sasa, huyu si mchapishaji, ni mdukuzi.

Sasa soma shtaka lenyewe. Mwaka 2010 Chelsea Manning alikuwa mwanajeshi wa Marekani kule Iraq, kazi yake kuchambua taarifa za siri. Mtandao wa siri wa jeshi alikuwa na ruhusa ya kuingia. Nyaraka alizikuta kazini kwake, hakuruka ukuta. Assange alidaiwa kukubali kumsaidia kupasua nywila, yaani paswedi, ili aingie kwa jina lingine na asijulikane. Na mashtaka yenyewe hayakusema kwamba nywila hiyo ilipasuka.

Kwa lugha ya Mchukwi iko hivi. Karani wa ghala la korosho ana funguo zake, kapewa na AMCOS. Anaona magunia yanapungua usiku. Anapiga picha daftari, anamtumia mwenye blogu. Mwenye blogu anamwambia, ficha jina lako wasikudhuru. Kesho yake magunia hayatafutwi. Anatafutwa mwenye blogu, kwa kosa la kuvunja ghala. Hapo kijiweni kwa bodaboda, pembeni ya barabara ya Kilwa, mtoto wa darasa la tano atacheka. Lakini akivaa suti mtu akaisema laivu, watu wazima wanatikisa kichwa.

Wiki sita baadaye ukweli ukatoka wenyewe. Mei 2019 yakaongezwa mashtaka 17 chini ya sheria ya ujasusi ya mwaka 1917: kupokea siri na kuzichapisha. Jumla ikawa kitisho cha miaka 175. Mwisho wa yote, Juni 2024, kwenye mahakama ya kisiwa cha Saipan, Assange alikiri kosa moja. La udukuzi? Hapana. Alikiri kula njama ya kupata na kutoa taarifa za ulinzi. Akahukumiwa miezi 62 ambayo alishaimaliza Belmarsh, akapanda ndege kwenda kwao Australia. Udukuzi ulikuwa mlango tu. Kilichofuatwa chumbani ni uchapishaji.

Na alichapisha nini? Kati ya mengi, video ya helikopta ya jeshi ikiwafyatulia watu risasi Baghdad, Julai 2007, wakafa na wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters. Mwaka huohuo wa 2007 WikiLeaks yake ilianika ripoti ya Kroll kuhusu mali zilizochotwa Kenya enzi za Moi, ripoti iliyokuwa imelala kwenye makabati ya serikali ya Kibaki tangu 2004. Wakenya walilipia ripoti ile kwa kodi zao, wakaja kuisoma kwa msaada wa huyu mnayemwita mwizi.

Mtasema hayo ni ya wazungu. Haya, turudi Kisutu.

Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums. Walikuwa wanataka majina ya watu walioandika humo kwa majina ya bandia, akagoma kuyatoa. Akafikishwa mahakamani kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa kuzuia upelelezi. Likaongezwa na kosa la kuendesha tovuti ambayo anwani yake haikusajiliwa kwa tz. Hakuna aliposhtakiwa kwa kuvunja kompyuta ya mtu. Kesi zikapigwa kalenda miaka na miaka. Aprili 2020, katika kesi mojawapo, akahukumiwa faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja.

Umeona ufundi wake? Sheria inaitwa ya mtandao, wewe unawaza matapeli wa "tuma kwenye namba hii". Kumbe anayewindwa ni yule karani mwenye picha ya daftari. Mchapishaji anabanwa ili amtapike aliyemletea habari.

Kuna hoja moja ya maana upande wa pili, na haifai kurukwa. Siri nyingine zinaua. Kibiti hawahitaji kufundishwa hilo na mtu wa Dar. Mwaka 2017 wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa huku, na tarehe 13 Aprili askari polisi 8 walipigwa risasi wakafa. Wakati ule jina la mtu kutajwa kuwa anatoa taarifa kwa polisi lilikuwa kama kuchimbiwa kaburi. Na WikiLeaks mwaka 2011 waliachia nyaraka za kibalozi bila kufuta majina ya watu. Hilo lilikuwa kosa, lisemwe kosa. Lakini basi ashtakiwe kwa hilo, kwa jina lake, na aletwe aliyeumia. Kule Saipan jaji alisema serikali ya Marekani yenyewe imeeleza kwamba hakuna mtu aliyetajwa kuwa mwathirika. Huwezi kumtisha mtu kwa miaka 175 halafu mwishoni useme hakuna aliyeumia.

Tena chawa wanaosema "siri zinaua" wanasahau kwamba ukimya nao unaua. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, akiishi Kibiti, akiandika habari za mauaji yaleyale. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Yeye hakupelekwa Kisutu wala Saipan. Hakusomewa shtaka, hakupewa faini. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, baadaye akasema hakueleweka vizuri. Familia imebaki na sentensi hiyo.

Sasa dogo wa Mchukwi mwenye simu ya kioo kilichopasuka na bando la mia tano, akiona kitu usiku, apige picha au ageuze uso? Hilo ndilo swali lililo nyuma ya neno "udukuzi". Anajua Melo alipita wapi. Anajua Azory hajarudi. Halafu anafungua simu anamkuta staa wake anayempenda anamwambia anayeanika siri za wakubwa ni mwizi.

Staa huyo siku moja atadhulumiwa. Kiwanja chake kitapewa mtu mwingine, au mkataba wake utapotelea ofisini kwa mtu. Atahitaji karani mmoja tu mwenye roho ya kupiga picha karatasi, na mtu mmoja wa kuichapisha. Siku hiyo ataandika tena "mwenye nayo anicheki inbox". Na inbox itakuwa kimya, kwa sababu waliokuwa nayo walimsikia alivyowaita.

Wadau, komenti ziko wazi. Ukimjua staa mwenyewe, jina liache kapuni. Jibu hoja.