Kisangani: kuuliza kwenye mtandao bila kuingia jela

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Wahanga wa vita ya siku sita ya Kisangani, Juni 2000, wana haki yao humo. Kijana anayeuliza kwenye WhatsApp ao Facebook pesa hizo zimefikia nani, kifungu cha 23 cha Katiba kinamlinda.

Lakini tangu Machi 2023 kuna sheria ya numerike. Kifungu cha 360 kinaadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu, pamoja na anayeituma tena: jela mwezi 1 mpaka 6, faini ya faranga 500 000 mpaka milioni 1, ao vyote viwili. Mwanahabari Stanis Bujakera alifungwa Kinshasa miezi 6, toka Septemba 2023, kwa makala isiyobeba jina lake.

Kuuliza «pesa iko wapi?» ni haki ya kila mkaaji. Kusema «fulani amekula» kunataka karatasi mkononi. Mtetezi akifungwa kwa ajili ya uvumi, wahanga waliongoja zaidi ya miaka 20 wanabaki bila msemaji.