Hewa Iliyofungwa Jiweni



Kijana mmoja wa chuoni petu, asomaye sekondari Mbinga mjini, alinijia baada ya sala ya alasiri akauliza: "Maalim, tumefundishwa kwamba chini ya Ziwa Nyasa yamo majivu ya volkano yenye miaka kama 75,000. Nani aliyekuwapo akahesabu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwani niliona anachelea kwamba akiikubali hesabu ataiacha dini, na akiikataa ataitwa mjinga. Nikamwomba siku chache nisome. Haya ndiyo niliyomjibu.

Katika hewa tunayoivuta zimo gesi zisizooana na kitu: heli, neoni, argoni na nduguze. Argoni ni karibu sehemu 1 katika kila 100. Gesi hizi hazishikamani na jiwe. Hufungiwa tu, kama mdudu aliyenaswa katika sandarusi. Ujiuji wa moto utokapo ardhini, gesi hutoka kwa mapovu. Ukipoa ghafula huganda ukawa kioo, na gesi iliyochelewa hubaki ndani.

Tena iko argoni izaliwayo mumo humo jiweni. Aina moja ya potasi, iliyo chache mno, hugeuka kidogo kidogo; kwa miaka milioni 1,250 nusu yake huwa imegeuka, na katika kila sehemu 10 zilizogeuka, kama 1 huwa argoni. Wakati wa ujiuji argoni hiyo hutoroka. Jiwe likiganda mlango hufungwa, na hesabu huanza. Wataalamu huliyeyusha tena wakaipima iliyokusanyika.

Sasa hayo majivu. Mwaka 2005 tope la chini ya ziwa lilichimbuliwa kwa mabomba marefu. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba ndani yake vimeonekana vipande vya kioo, vidogo mno, ambavyo mchanganyiko wake ni ule ule wa majivu ya mlima Toba wa Sumatra, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka kwetu! Umri wenyewe ulipatikana kwa argoni ya chembe ngumu za majivu ya Toba. Vioo vya Nyasa vilitambulishwa kwa nasaba yao. Wako waliodhani mlipuko ule ulileta baridi kali huku Afrika Mashariki. Tope la ziwa halikuonyesha hivyo.

"Na jiwe likisema uongo, Maalim?"

Swali hili lilinipendeza kuliko la kwanza. Argoni ya kale isipotoka yote, jiwe huonekana zee kuliko lilivyo; ikivuja, huonekana changa. Kioo hasa hakiaminiki kwa heli, maana huipenyeza. Kwa hiyo wataalamu hupima chembe nyingi, wakazilinganisha. Nasi tuliofunzwa habari za wapokezi wa Hadithi hatuoni ajabu: mpokezi huchunguzwa uadilifu na hifadhi yake kabla habari yake haijapokewa.

Ama dini, nilimwambia kwamba Qur'ani haikututajia idadi ya miaka ya ardhi. Tukiibuni sisi, kisha tukagombana na watoto wetu kwa ajili yake, kosa ni letu.

Juma lililofuata alirudi kutoka Liuli na kokoto nyeusi ya ufukoni, ataka kujua umri wake. Nikamwambia chombo hatuna. Kokoto ingali dirishani mwa chuo.