Kuzika Bila Kuuliza

Sisi wafanyakazi wa kompyuta tuna ugonjwa mmoja tusiopenda kuutaja. Mashine ikianguka, neno la kwanza vinywani mwetu ni "washa upya". Sisemi habari za kompyuta ndogo za mezani. Nasema habari za kompyuta kuu, zile ambazo mashine moja hubeba tumboni mwake mamia ya seva za dhahania, na kila seva hujiona kuwa ina mashine yake peke yake. Kazi hiyo ya kugawa hufanywa na z/VM, programu ambayo ukoo wake unaanzia kwenye CP-67 ya IBM ya mwaka 1967. Tangu mwaka 2000 mfumo wa Linux nao umepata makao humo.

Kiini cha Linux kikikutana na jambo kisichoweza kulitengeneza, hujisimamisha chenyewe. Saa hiyo kumbukumbu ya seva inakuwa shahidi: ndani yake mna programu iliyokuwa ikienda, aliyeshika kufuli, na waliokuwa wakimngoja. Ukiwasha upya bila kuinakili, umemzika marehemu bila kuuliza kilichomuua.

Nami nimezika. Usiku mmoja seva ya malipo ilianguka, na mkuu wangu akasimama mgongoni pangu akisema, "Washa, bwana, watu wanasubiri!" Nikawasha. Malipo yakaendelea, tukapeana mikono. Wiki iliyofuata ikaanguka tena, na tena nikawasha. Mara ya tatu tukawaita mafundi wa waliotuuzia mfumo. Swali lao lilikuwa moja tu: nakala ya kumbukumbu iko wapi? Tukatazamana kama watoto waliovunja mtungi.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi. Hiyo si hoja, ni kisingizio. Njia zipo. Amri ya VMDUMP huinakili kumbukumbu ya seva kutoka nje na kuiweka katika hifadhi ya z/VM yenyewe. Ni ya polepole, lakini kwa seva ndogo yafaa. Pili, unaweza kuandaa diski maalumu kwa zipl. Seva ikianguka, unaiwasha kwa diski hiyo, nayo hunakili kumbukumbu yote. Hapo uwe mwangalifu, maana ukiongeza neno "CLEAR" katika amri ya kuwasha, umemfuta shahidi kwa mkono wako mwenyewe. Tatu, kuna kdump, iliyoingia katika Linux mwaka 2005 na baadaye ikafika kwenye kompyuta kuu. Sehemu ya kumbukumbu hutengwa mapema, na kiini cha pili huamka humo kuinakili iliyobaki, kikiacha kurasa zisizo na kitu ili nakala iwe ndogo. Tena kuna dumpconf, ambayo unaiagiza siku ya salama: ikianguka, nakili kwanza, kisha jiwashe. Hapo hata mkuu mwenye haraka hana la kusema.

Lakini yote haya yanataka maandalizi. Nahodha hatafuti ndoo ya kutolea maji wakati jahazi limekwisha kuzama.

Wengine watasema nakala hiyo ni ya hatari, kwa kuwa ina nywila na siri za wateja. Ni kweli, wala sipingi. Basi ifungiwe, isomwe na wachache waliopewa ruhusa, na ifutwe kazi ikiisha. Hatuchomi daftari za hospitali kwa sababu zina siri za wagonjwa.

Nadhani kinachotuzuia hasa si muda wala siri, bali ni hofu ya jibu. Kuwasha upya hakumlaumu mtu. Nakala ya kumbukumbu huenda ikasema kwamba kosa ni la programu tuliyoiandika sisi wenyewe, au la rekebisho tuliloliahirisha. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo, msomaji, kama una seva chini ya ulinzi wako, uliza kesho asubuhi: ikianguka usiku wa leo, nakala itaandikwa wapi, diski hiyo inatosha, na ni nani amewahi kuijaribu? Wakikujibu kwamba bado hajajaribu mtu, ujue kwamba kaburi limekwisha kuchimbwa.