Omba Mapema, Usiombe Radhi
Wiki ya mitihani si wakati wa kumweleza msimamizi kwamba maandishi madogo huyaoni. Karatasi zimeshachapwa, vyumba vimeshagawiwa, naye hana mamlaka ya kukuongezea hata dakika moja. Mwanafunzi mwenye ulemavu apeleke barua kwa mshauri wa wanafunzi mwanzoni mwa muhula, aambatanishe ripoti ya daktari, na ataje waziwazi anachohitaji: maandishi makubwa, nukta nundu, mkalimani wa lugha ya alama, muda wa ziada, au darasa la chini lisilo na ngazi. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wengi hunyamaza wakiogopa kuambiwa wanataka upendeleo. Upendeleo uko wapi? Maswali ni yaleyale, na asiyesoma atafeli tu. Tena ni haki kisheria: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Vyuo navyo viache kumzungusha mtu ofisi hadi ofisi, kila muhula, athibitishe upya kwamba haoni, kana kwamba macho huota likizoni.