Chelezo cha Kisumu na hatima ya mabehewa ya ziwani

Meli ya Ziwa Victoria haina mlango wa kutokea. Ikipata hitilafu chini ya maji haiwezi kuvutwa hadi Mombasa wala Dar es Salaam. Itatengenezwa ziwani humo humo, au itafungwa gatini na kungoja. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Kampala anayetegemea mabehewa yapite Port Bell anategemea pia, pengine bila kujua, karakana za meli ambazo asili yake ni mkoloni wa Kiingereza. Kongwe kati ya hizo ni ile ya Kisumu.

Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, ilifikiwa na reli mwishoni mwa 1901. Meli ya William Mackinnon ilikwisha kuunganishwa hapo mwaka mmoja kabla, kutokana na vipande vilivyotengenezwa Scotland. Huo ndio ukawa utaratibu wa miaka 60 iliyofuata: meli hujengwa Ulaya kwa bolti, hubomolewa, kila kipande hupewa namba, kisha shehena hiyo husafirishwa kwa bahari na reli ili mafundi wa Kisumu waiunganishe upya. Winifred na Sybil zilipita njia hiyo, na Victoria, iliyoanza kazi 1961, pia. Karakana iliyoweza kuzaa meli iliweza pia kuitibu, na kwa miaka mingi Kisumu ilihudumia meli za nchi zote tatu.

Kazi ya chelezo si kubwa machoni mwa abiria, lakini bila hiyo meli haina cheti. Meli hutolewa majini, chini yake hukwanguliwa kutu na uchafu, unene wa mabamba ya chuma hupimwa, na pale palipoliwa hukatwa na kuchomelewa bamba jipya. Shafti, propela, usukani na valvu za kuingizia maji hufunguliwa na kukaguliwa. Katika ghuba ya Kisumu kuna kazi ya ziada ambayo wahandisi wa zamani hawakuijua: magugu maji, yaliyoenea ziwani miaka ya 1990, huziba mabomba ya kupozea injini na kujisokota kwenye propela.

Maji baridi yana rehema yake. Chuma huliwa polepole kuliko baharini, na hiyo ni sababu mojawapo ya meli za miaka ya 1960 kuendelea kuwa na thamani ya kutengenezwa. Kinachokufa mapema ni injini, na baada ya injini, utaratibu wa kuzihudumia.

Utaratibu huo ulivunjika 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Feri ya mabehewa Uhuru ikabaki Kenya, Umoja na Victoria zikaenda Tanzania. Uganda ililazimika kununua zake, Kabalega, Pamba na Kaawa, zilizojengwa Ubelgiji katika miaka ya 1980. Kila nchi ikaanza kutunza meli zake kwa uwezo wake, na uwezo huo ulikuwa mdogo. Mei 2005 Kabalega iligongana na Kaawa ikazama, na Uganda ikabaki bila feri hata moja kazini. Uhuru nayo ilikaa bila kazi kwa zaidi ya miaka 10. Mzigo ukahamia barabarani, kwenye foleni za Malaba na Busia. Feri moja hubeba mabehewa yapatayo 20, na kila safari isiyofanyika ni msururu wa malori ambayo mtu fulani amelazimika kuyalipia.

Hali imebadilika. Umoja ilirudi Port Bell 2018, na Uhuru ikaanza tena kupeleka mafuta Uganda mwishoni mwa 2019. Mwaka 2020 Kenya iliunda kampuni ya umma ya ujenzi wa meli, na karakana ya Kisumu ikawekwa chini ya jeshi. Humo ndimo ilimojengwa Uhuru II, yenye urefu wa mita 100. Mwanza, Tanzania ilijenga chelezo kipya chenye uwezo wa kupokea meli ya tani 4,000, na meli ya MV Mwanza ikashushwa majini Februari 2023.

Habari njema, bila shaka. Lakini ziwa hili halina meli kubwa nyingi, na chelezo hakiishi kwa meli mbili tatu za nchi moja. Mafundi wanaokosa kazi huondoka, vipuri visivyotumika hupitwa na wakati, na karakana hurudi kule ilikokuwa miaka ya 1990. Kisumu ya zamani ilidumu kwa sababu meli zote zilikuwa za shirika moja. Leo kila serikali inataka chelezo chake, na hilo linaeleweka kisiasa; kwa hesabu ya msafirishaji, muhimu ni kama feri ya Uganda inaweza kupandishwa Kisumu au Mwanza kwa zamu inayojulikana, vipuri vyake vikipita forodha bila kukwama. Sheria ya pamoja ya usafiri wa ziwa ipo tangu 2007, ila sheria ya usalama haipangi zamu ya matengenezo.

Kabla ya kufunga mkataba wa miezi sita kupitia ziwani, inafaa kumwuliza mwenye feri maswali mawili ambayo hayamo kwenye ratiba yake: meli ilitolewa majini lini mara ya mwisho, na itatolewa tena lini, kwenye chelezo gani. Asiyeweza kujibu la pili hana ratiba ya kuuza, na anayempa mzigo afadhali atenge mapema gharama ya malori ya akiba.