Njia za Baiskeli Mijini: Kati ya Usafiri na Burudani

Mjadala kuhusu njia za baiskeli katika miji ya Afrika Mashariki unahusu matumizi mawili ya chombo kimoja. Kuna njia za usafiri, yaani zile zinazomfikisha mfanyakazi kazini, mwanafunzi shuleni na mchuuzi sokoni, na kuna njia za burudani, ambazo hutengwa kwa ajili ya mazoezi, matembezi na utalii. Kwa kuwa bajeti za miji ni finyu na ardhi ya barabara inagombaniwa, swali la msingi ni lipi kati ya mahitaji hayo litangulie, na kwa namna gani moja linaweza kulisaidia jingine.

Uholanzi, inayotajwa mara nyingi kuwa mfano bora, haikurithi njia zake bila jasho. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari yaliongezeka kwa kasi na baiskeli zikasukumwa pembeni, hata ikafika mwaka 1971 ambapo zaidi ya watu 3,000 walipoteza maisha barabarani, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Vifo hivyo vilizaa vuguvugu la wananchi lililodai usalama wa watoto, na msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 ukaipa serikali sababu nyingine ya kubadili sera. Miaka hiyo ya 1970 zilijengwa njia za majaribio katika miji ya The Hague na Tilburg, lakini ilidhihirika kwamba njia moja, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haiongezi sana idadi ya waendesha baiskeli. Mafanikio yalionekana zaidi Delft katika miaka ya 1980, kwa sababu huko ulijengwa mtandao, yaani njia zinazoungana kutoka mtaa hadi mtaa bila kukatika.

Somo hilo linaihusu Dar es Salaam moja kwa moja. Awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, ilianza kutoa huduma mwezi Mei 2016 katika ushoroba wa kilomita 21 hivi unaofuata kwa sehemu kubwa Barabara ya Morogoro, ikiwa na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni. Hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mtu anayetoka kwenye njia hiyo na kuingia mitaani hukosa ulinzi papo hapo, na njia isiyotenganishwa na magari kwa ukingo imara huvamiwa upesi na bodaboda, magari yanayoegeshwa na meza za biashara. Jijini Nairobi, sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini ililenga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili hiyo, jambo linaloonyesha kwamba upungufu mkubwa uko katika utekelezaji kuliko katika mawazo.

Burudani nayo isibezwe. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ulianza mwaka 1974 utaratibu wa kufunga barabara kwa magari, na leo kila Jumapili na sikukuu zaidi ya kilomita 120 huachiwa waendesha baiskeli na watembea kwa miguu kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Kigali nayo ilianzisha siku bila magari mwaka 2016. Utaratibu wa namna hii hauhitaji ujenzi mkubwa, na unamwezesha hata mwenye gari kuuona mji akiwa juu ya baiskeli, hivyo kuwaongezea wapanga miji watetezi.

Kwa kupima pande zote, kipaumbele cha fedha za ujenzi kinapaswa kuwa njia za usafiri zilizoungana na kulindwa, kwa kuwa muuza maziwa au fundi anayesafiri alfajiri hana chaguo jingine, ilhali burudani inaweza kuanza kwa kufunga barabara zilizopo siku za mapumziko. Halmashauri na mamlaka za barabara zinawajibika kuhakikisha kwamba kila barabara mpya ya mjini inajengwa pamoja na njia ya baiskeli inayofika mahali watu wanakokwenda, na wananchi wanapaswa kuidai kabla mkandarasi hajaanza kazi.